Njia Iliyojila: Posho na Wapagazi kati ya Mikese na Rufiji, 1917

Januari 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, aliondoka Afrika Mashariki kwenda London, na huko akaeleza kwamba vita vya Wajerumani huku vimekwisha, kilichobaki ni kuokota mabaki. Wiki chache baadaye, kwenye ukingo wa Rufiji, kikosi cha Wanigeria alichokiacha nyuma kilikuwa kinakula nusu posho, na baadhi ya askari walichimba mizizi ya porini kutafuta chochote cha kutia tumboni. Risasi hazikuwa tatizo. Adui naye alikuwa ng'ambo ya mto, na njaa yake haikuwa ndogo. Kilichokwama ni unga.

Maelezo ya kawaida ni kwamba mvua zilikuwa kubwa mno mwaka ule. Ni kweli, zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Lakini mvua peke yake haielezi kwa nini watu waliokuwa wamebeba chakula ndio waliokufa kwa wingi kuliko waliokuwa wanakisubiri. Jibu liko kwenye hesabu ya mzigo wa mpagazi mmoja, na hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa.

Njia yenyewe

Reli ya Kati ilikuwa imetekwa na Waingereza katikati ya 1916: Dodoma mwishoni mwa Julai, Morogoro mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walivunja madaraja na kuharibu vichwa vya treni, hivyo reli ilirudi kazini polepole, kwa vipande. Kituo cha Mikese, mashariki ya Morogoro, ndicho kilichokuwa mlango wa kupeleka vitu kusini. Kutoka hapo njia ilizunguka milima ya Uluguru upande wa mashariki, ikashuka bonde la Mgeta, ikapita Duthumi, ikaenda Behobeho, na kuishia Kibambawe kwenye Rufiji. Ni zaidi ya kilomita 100 hata ukiruka kama ndege. Kwa miguu, kwa mizunguko ya vilima na vinamasi, ni nyingi zaidi.

Wanyama hawakufaa. Nchi ile ilijaa mbung'o, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikuwa wamekufa kwa makundi mwaka mzima wa 1916. Malori madogo yalifika hadi pale ambapo barabara iliruhusu, na barabara yenyewe ilikuwa ya kukata miti na kusawazisha udongo tu. Palipoishia gurudumu pakaanzia kichwa cha mtu.

Wapagazi hawa walikuwa chini ya idara iliyoanzishwa Agosti 1914 na kukabidhiwa Oscar Watkins, ofisa wa wilaya wa Kenya. Waingereza waliiita Carrier Corps, na wenyeji wakaitamka kwa namna iliyobaki kwenye ramani: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mahali zilipokuwa kambi zake.

Mzigo unaotosha siku ngapi

Mzigo wa kanuni ulikuwa ratili 50, karibu kilo 23. Mara nyingi ulizidi, kwa sababu juu yake mtu alibeba blanketi lake, chombo chake cha kulia na zamu ya sufuria. Tuseme kilo 25 za unga mtupu. Hapo tumeipendelea njia, maana hakuna aliyebeba unga mtupu safari nzima.

Posho ya siku ilikuwa kama kilo moja ya unga. Kwenye karatasi kulikuwa na maharage, chumvi, mafuta na mara mojamoja nyama. Njiani, mambo yalipobana, ilikuwa unga.

Sasa mtu huyu anakula anapokwenda na anakula anaporudi. Anaporudi hana mzigo, lakini tumbo analo. Safari ikiwa ya siku 5 kwenda na 5 kurudi, atakula kilo 10 na kufikisha 15. Tuchukue kikosi cha askari 3,000 wanaohitaji kilo 3,000 kwa siku. Wapagazi 200 wakifika kila siku wanatosha, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 10, njia nzima inahitaji watu 2,000. Inawezekana kabisa.

Safari ikiwa ya siku 10 kwenda, atakula kilo 20 na kufikisha 5. Sasa wafike 600 kila siku, na njia iwe na watu 12,000.

Siku 11: anafikisha kilo 3. Wafike 1,000 kila siku, njia iwe na watu 22,000.

Siku 12: anafikisha kilo 1. Wafike 3,000 kila siku, njia iwe na watu 72,000.

Siku 13: amekula mzigo wote kabla ya kurudi, na bado ana njaa.

Namba hizi ni za mfano, lakini umbo lake ndilo jambo lenyewe. Ofisa aliyekaa Morogoro akiangalia ramani aliona kuwa kuongeza safari kutoka siku 10 hadi 12 ni ucheleweshaji wa siku mbili. Kwa njia ya posho, siku mbili hizo ni watu 60,000 zaidi. Hakuna jeshi lililokuwa nao wa akiba.

Mtu atauliza kuhusu vituo. Kweli, njia haikutembewa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Iligawanywa vipande, kila kipande na kambi yake, na kundi la kambi hii lilipokea mzigo, likaupeleka kambi ya mbele, likarudi. Mpango huu ulikuwa mzuri kwa afya: mtu analala mahali anapopajua, anajua maji salama yako wapi, na anaweza kupikiwa. Lakini hesabu ya tumbo haibadiliki. Watu kumi wanaobeba siku moja kila mmoja wanakula sawa na mtu mmoja anayebeba siku kumi. Tena kila makabidhiano yana hasara yake. Gunia linashushwa kwenye tope, mshono unaachia, unga unapimwa kwa kikombe ambacho si kilekile cha kambi iliyopita, na mnyapara mwenye njaa naye ana mikono.

Njia pekee ya kuishinda hesabu hii ni kupata chakula mbele, karibu na askari, bila kukibeba. Huku haikuwezekana. Wajerumani walipita kwanza, wakanunua au kuchukua nafaka ya wanavijiji wa Mgeta na Rufiji, na wao wenyewe walikuwa bado bondeni wakila kilichobaki.

Mvua inapoingia kwenye hesabu

Mvua zilianza kwa nguvu mwishoni mwa Januari 1917. Jambo la kwanza zililofanya halikuwahusu wapagazi moja kwa moja: ziliondoa malori. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa haubebi gurudumu, na barabara iliyopitiwa na magari mazito wiki moja inageuka mfereji. Kwa hiyo pale ambapo gari lilikuwa likifikisha shehena kilomita kadhaa mbele, sasa mpagazi alianzia nyuma zaidi. Umbali wa miguu ukarefuka kabla hata mguu haujazama.

Jambo la pili ni mwendo. Mtu mwenye kilo 25 kichwani hutembea kama kilomita 20 kwa siku kwenye njia kavu. Kwenye maji ya magotini hupata nusu yake, na mto uliofurika unaweza kumsimamisha siku nzima akisubiri mtumbwi au kamba ya kushikia. Siku ya kusubiri nayo ni siku ya kula.

La tatu ni mzigo wenyewe. Gunia la unga likilowa huongezeka uzito na kupungua chakula: nje hufanya ganda, ndani huchacha na kuota ukungu. Mpagazi alibeba kilo zaidi ili kufikisha kilo pungufu. Blanketi lake moja nalo, likishiba maji, lilikuwa mzigo mwingine, na usiku halikumpa joto lolote.

Ukiyaweka haya matatu pamoja, utaona kilichotokea Rufiji. Njia ilivuka ule mpaka wa siku 12. Kutoka hapo ilianza kula zaidi ya ilichobeba.

Nusu posho

Jenerali Hoskins, aliyempokea Smuts, aliona tatizo. Aliomba malori, aliomba wapagazi kwa makumi ya maelfu, na akataka muda wa kujipanga. Mwishoni mwa Mei aliondolewa, na van Deventer akachukua nafasi yake. Lakini Februari na Machi hakuna ombi ambalo lingeweza kufika kwa wakati. Kilichokuwa mkononi ni kupunguza posho.

Turudi kwenye hesabu uone ushawishi wake. Safari ya siku 12, posho kamili: watu 72,000. Safari ileile, mpagazi akila nusu kilo: anakula 12, anafikisha 13, na njia inahitaji watu 5,500 tu. Kwa amri ya mstari mmoja, njia iliyokufa inafufuka. Hakuna daraja, lori wala reli iliyoweza kuleta nafuu kama hiyo kwa haraka kama hiyo. Sidhani kama maofisa wa posho walikuwa wakatili kuliko wengine. Walikuwa na namba mbele yao, na namba hiyo ilionyesha tiba ya bure.

Haikuwa ya bure. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama kalori 3,500. Nusu kilo ina 1,750, kiasi kinachomtosha kwa shida mtu aliyelala kitandani. Mtu anayepanda na kushuka vilima na mzigo kutwa nzima anachoma zaidi ya mara mbili ya hiyo. Pengo linazibwa na nyama ya mwili wake mwenyewe. Wiki ya kwanza haionekani. Wiki ya tatu mabega yamekonda, ngozi ya mahali mzigo unapokaa imechubuka na haifungi. Wiki ya tano anaanguka kwa ugonjwa ambao daktari ataandika kuwa ni malaria, kuhara damu au kichomi. Kwenye vitabu vya hospitali njaa haikuwa na safu yake, na ndiyo maana hadi leo unakuta imeandikwa kwamba wapagazi waliuawa na magonjwa.

Sufuria

Hata posho ilipofika kamili, ilikuwa na tatizo la pili, na hili lingeweza kuepukwa.

Unga uliogawiwa ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa kwa chenga, wenye pumba, tofauti na ule uliokobolewa na kutwangwa nyumbani. Unga wa namna hii unataka maji yachemke kabisa kabla haujatiwa, kisha usongwe kwa muda mrefu juu ya moto wa wastani. Ukiuharakisha, nje unaonekana umeiva, ndani bado ni chenga mbichi.

Sasa tazama kundi la watu kumi linalofika kambini jua linazama. Wana kilo 10 za unga. Ugali wa kilo moja unahitaji maji lita mbili au zaidi. Sufuria yao inaingia lita tano, maana yake kila mpiko ni kilo mbili, na inabidi wapike mara tano. Kuni zimelowa, kila kambi iliyotangulia imemaliza zile kavu za karibu, na mvua inanyesha juu ya moto. Kila mpiko ukichukua dakika 40, mtu wa mwisho atakula baada ya saa tatu na zaidi. Alfajiri ni kubeba tena. Watu waliochoka hufanya linalowezekana: wanakoroga unga kwenye maji ya vuguvugu wanakunywa. Wengine waliramba unga mkavu.

Chenga mbichi zinakwaruza utumbo. Kuharisha kunaanza kabla ya kijidudu chochote, na tumbo lililokwisha kuchubuka ndilo linalopokea ugonjwa wa kuhara damu kwa urahisi. Kambi nayo ina mashimo machache ya choo au haina kabisa, mvua inayasomba hadi mtoni, na maji ya kesho yanachotwa hapohapo. Kuhara damu kuliua wapagazi wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Madaktari wa jeshi waliuona uhusiano huu wa sufuria na tumbo, waliandika, na katika mwaka huo wa 1917 hatua zikaanza kuchukuliwa: wapishi maalumu kwenye kambi, majiko ya pamoja, chakula kigawiwe kikiwa kimeiva, unga usagwe laini zaidi. Palipofanyika hivyo vifo vilishuka. Gharama yake ilikuwa vyombo vikubwa na watu wachache wa kukaa jikoni. Ilichukua zaidi ya miaka miwili ya vita kufika hapo.

Nani alianguka kwanza

Wapagazi hawakufa kwa kiwango kimoja, na tofauti yao inafundisha mengi kuliko jumla.

Watu wa Nyanza, Wajaluo na Waluhya, walikuwa wengi sana kwenye orodha, na walitoka nchi ya joto wakiwa wamezoea ugali wa mtama na wimbi. Mahindi hayakuwa mageni kabisa. Watu wa nyanda za juu, kama Wakikuyu, walitoka mahali penye baridi na mbu wachache, wakashushwa kwenye bonde la malaria. Waganda waliozoea matoke walipata shida kubwa na unga: kwao haikuwa suala la ladha tu, hata namna ya kuupika hawakuwa nayo mkononi.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Visiwa vya Shelisheli. Desemba 1916 kundi la wanaume wapatao 800 lilisafirishwa kuja pwani yetu kufanya kazi za jeshi. Ndani ya miezi mitano zaidi ya 200 walikuwa wamekufa, waliobaki wakarudishwa kwao. Ni watu wa visiwa, wa wali na samaki, wasio na kinga ya malaria, waliotupwa kwenye mvua ya 1917 na unga wa chenga.

Upande wa pili wako waliokaa salama zaidi: wapagazi wa mstari wa kwanza, waliobeba bombomu, yaani bunduki ya rashasha, na masanduku yake ya risasi pamoja na kikosi. Hawa walipigwa risasi, jambo ambalo wenzao wa nyuma hawakukutana nalo sana. Lakini walikuwa na sare, walikula kutoka jiko la kikosi, na ofisa wao aliwajua kwa majina kwa sababu bila wao bunduki yake haisogei. Kuwa karibu na adui kulikuwa na afya kuliko kuwa katikati ya njia, na jambo hili linakwenda kinyume na kila picha ya vita tuliyozoea.

Mpagazi wa katikati hakuwa na ofisa wa kumtetea. Alikuwa na kisahani cha chuma chenye namba shingoni, mnyapara, na Mzungu mmoja kwa mamia ya watu, mara nyingi asiyejua lugha yao. Akiwa na funza vidoleni hadi hawezi kukanyaga, alihesabiwa mvivu mpaka aanguke. Wengi walitoroka, na ukiijua hesabu ya juu huwezi kuwalaumu.

Kuwapata wengine

Njia inayokula watu inahitaji watu wapya. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 1915 iliyoruhusu kuwachukua wanaume kwa nguvu, kwa mshahara wa rupia 5 kwa mwezi miezi mitatu ya mwanzo na 6 baadaye. Ni kima kilichowekwa makusudi chini, maana awali walikuwapo waliolipwa maradufu, na walowezi walilalamika kwamba jeshi linawapandishia bei ya vibarua.

Machi 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akapewa jukumu la kukusanya watu kwa ajili ya ombi la Hoskins. Hadi Agosti zaidi ya 120,000 walikuwa wamechukuliwa. Utaratibu ulikuwa rahisi: wilaya inapewa idadi, mkuu wa wilaya anawagawia machifu, chifu anawagawia wazee wa vitongoji, na mzee anaamua nyumba ya nani. Hapo ndipo visasi vya zamani vilipopata nafasi. Masimulizi yaliyobaki yanataja watu kukamatwa usiku, kuitwa kwenye baraza wakakuta kamba, na familia zenye mdomo kwa chifu kubaki na vijana wao. Madaktari waliwakataa wengi kwa udhaifu, lakini mtu aliyekataliwa leo kwa mzigo mzito aliweza kupitishwa kesho kwa mzigo mwepesi.

Wajerumani nao hawakuwa bora. Walichukua wapagazi kijiji kwa kijiji, wengine wakifungwa kamba usiku wasitoroke, na malipo yalikuwa karatasi za ahadi au hakuna. Upande wa Kongo, majeshi ya Wabelgiji yaliyoingia Tabora Septemba 1916 yalibebewa na wapagazi wao. Na karibu miaka mitatu kabla ya msako wa Ainsworth, Agosti 1914, Wagiriama wa pwani ya Kenya walikuwa wameinuka dhidi ya serikali, na kudaiwa vijana wa kazi ni moja ya sababu zilizowasha moto ule.

Shamba lililoachwa

Mwanaume aliyeondoka Machi ameondoka wakati wa palizi na kuamia ndege. Anayechukuliwa Septemba hakulima. Kijiji kinachopoteza wanaume wake wa miaka 18 hadi 35 kwa msimu mmoja kinavumilia. Kwa misimu mitatu mfululizo, huku majeshi mawili yakipita kuchukua nafaka na ng'ombe, kinaanguka.

Ugogo, kwenye Reli ya Kati, ndiko linakoonekana wazi. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka walipokuwa wanarudi nyuma. Waingereza wakachukua nafaka tena, na maelfu ya wanaume kuwa wapagazi wa njia ya kwenda Iringa. Mvua, zilizokuwa nyingi mno mwanzo wa 1917, msimu uliofuata zikakosekana. Njaa iliyokuja Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio yanataja watu 30,000 waliokufa, karibu mmoja kati ya watano. Ugogo ni nchi ya ukame na ina njaa nyingi katika historia yake, lakini huwa kuna ghala, ng'ombe wa kuuza na vijana wa kwenda mbali kutafuta chakula. Safari hii vyote vitatu vilikuwa vimechukuliwa kabla mvua haijakosa.

Kisha mwishoni mwa 1918 ikaja homa ya mafua ya dunia nzima, ikiwakuta wapagazi kwenye kambi zilizosongamana na wengine njiani kurudi makwao.

Kilichorekebishwa

Dawa ya njia ya Mikese haikupatikana Mikese. Katika 1917 uzito wa vita ulihamishiwa Kilwa na Lindi, bandari ambako meli zilishusha unga umbali mfupi kutoka vitani. Kwa hesabu yetu, ni kutoka safari ya siku 12 na zaidi kurudi kwenye safari ya siku 4 au 5. Malori yaliongezwa, barabara zikapigwa upya, hospitali za wapagazi zikajengwa na majiko yakawekwa.

Nafuu hiyo ilidumu kwa kadiri adui alivyokaa karibu na bahari. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisogea kusini, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Njia zikarefuka upya. Sehemu kubwa ya 1918 wapagazi walimfuata ndani ya Msumbiji, kisha kaskazini tena, hadi aliposalimu amri Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Daftari

Jumla ya watu waliopita kwenye kazi ya upagazi upande wa Waingereza, kutoka nchi zote, inakisiwa kufika milioni moja. Hesabu ya kiserikali ya waliokufa inakaribia 100,000, na wanaoijua kazi ile huichukulia kuwa ya chini, kwa sababu inawahesabu walioandikwa. Aliyetoroka na kufia porini aliandikwa mtoro. Aliyeruhusiwa kwenda kwao akiwa mgonjwa na kufia njiani aliandikwa ameruhusiwa.

Majina yalikuwa tatizo tangu kituo cha kuandikisha. Karani wa pwani aliandika jina la Mluhya au Mkamba kama alivyolisikia, akaliweka pamoja na la chifu na wilaya, kisha namba. Namba ndiyo iliyosafiri. Kisahani kikipotea au kikibadilishwa, mtu na mshahara wake vilitengana. Watkins alitumia miaka baada ya vita kudai kwamba mishahara ya marehemu ambao jamaa zao hawakupatikana itumike kwa manufaa ya watu wa wilaya walizotoka. Hazina ya Uingereza ilikataa.

Sanamu za askari zilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na nyingine Nairobi na Mombasa, zikiwa na maandishi yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Hazina jina hata moja la mpagazi. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliofia vita hiyo hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Upana wa pengo kati ya namba hizo mbili unatokana na madaftari yaleyale.